Kipande Alichoshika Afande

Darasa letu la Kiingereza lilikuwa mtaa wa Nsambya, nyuma ya nyumba za reli, katika chumba ambacho Jumapili hutumiwa na waumini na Jumamosi mchana hukaa kitupu. Tulikuwa watu wazima saba, na mimi nilikuwa mdogo kuliko wote. Shule nilikuwa nimeishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi nguo za watu kwenye kibanda karibu na hospitali.

Kaka yangu ndiye aliyenisukuma niende. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu, na aliacha shule mapema ili mimi niendelee. Alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo inayoondoka bandari ya Port Bell kuvuka ziwa kwenda upande wa Tanzania. Alisikia kwamba kampuni za ulinzi zinataka mtu anayeweza kuandika kwa Kiingereza kwenye kitabu cha zamu. "Nenda ukasome," aliniambia. "Au unataka kuoa pasi?"

Mwalimu wetu alikuwa msichana anayesomea ualimu chuo cha Kyambogo. Hakutumia kitabu cha shule. Kila Jumamosi alileta habari moja aliyoitoa gazetini wiki hiyo hiyo. Alisema watu wa kwenye vitabu hawaishi popote, lakini watu wa gazetini tunaweza kukutana nao njiani. Kwanza alitusomea mwanzo wa habari, sisi tukisikiliza mikono ikiwa mezani. Alisoma mara ya pili, tukaandika maneno tuliyoyadaka. Baada ya hapo alitoa ile habari ikiwa imekatwa kwa mkasi vipande saba, akampa kila mtu kipande chake. Hukuruhusiwa kumwonyesha mwenzako, wala kuuliza au kujibu kwa Kiswahili. Ulitakiwa kuuliza swali kwa Kiingereza, mwenye kipande akujibu lile tu uliloliuliza. Hivyo tuliijenga habari nzima kwa maswali mpaka mwisho wake.

Wenzangu walipenda sana mchezo huo. Aliyeupenda zaidi ni afande mmoja mstaafu, mtu wa kaskazini kama mimi na kaka yangu, aliyekuwa polisi kwa miaka mingi na sasa alitaka kuwasomea wajukuu wake barua za shule. Alikishika kipande chake kifuani kama karata. Ukikosea swali alikwambia, "Sijasikia, rudia," na darasa zima lilicheka. Mimi nilikuwa nikiuliza swali moja tu kila Jumamosi, jepesi, na nililifanyia mazoezi kichwani mpaka lipoteze ladha. Sauti yangu haikupenda kutoka mbele za watu.

Jumamosi ninayoisimulia, mwalimu alifika amechelewa kidogo, akafuta ubao kwa kiganja na kuanza kusoma. Nilisikia neno la ziwa. Nikasikia upepo mkali, na meli ya mizigo. Mara ya pili nilishika penseli nikaandika maneno hayo matatu, na la nne, wafanyakazi. Alipofika hapo akakunja karatasi yake. "Mengine mnayo nyinyi," alisema, akaanza kugawa vipande.

Sikuogopa bado. Meli ni nyingi kwenye ziwa lile. Nilipewa kipande cha mistari mitatu, nikakisoma kama ninavyosoma siku zote, kidole chini ya neno, sihami mpaka neno limeingia. Mstari wa kwanza ulisema meli iliondoka Port Bell. Wa pili ulisema ilibeba saruji na mabomba ya chuma. Wa tatu ulisema iliondoka Jumatano jioni.

Kaka yangu aliondoka Jumatano jioni. Jumanne usiku alilala kwangu na alilalamika juu ya mabomba, kwamba yanateleza na hayafungiki vizuri kama magunia.

Nilikifunika kile kipande kwa kiganja. Sijui kwa nini. Labda nilidhani nikikificha na chenyewe kitanyamaza. Kumpigia simu hakukuwa na maana, maana kwenye maji mtandao haupo, na sote katika familia tulizoea kukaa siku tatu nne bila kumsikia.

Maswali yalianza. Karibu yangu alikaa mama mmoja kutoka Kongo, anayeuza vitenge mjini, mwanamke mnene mwenye cheko kubwa. Aliulizwa kitu gani kilitokea, akajibu kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika lakini kisichoogopa mtu: upepo ulipiga alfajiri, mzigo ukahama, meli ikalala upande. Mwingine akaulizwa wafanyakazi walifanya nini. Akasoma kwamba wafanyakazi watatu walitoka nje kuufunga mzigo upya.

Kuufunga mzigo ndiyo kazi ya kaka yangu.

"Na baadaye?" mwalimu aliuliza. "Kuna nani ambaye hajauliza?" Aliniangalia mimi.

Kipande kilichobaki cha kuulizwa kilikuwa kwa afande. Nilijua kimebeba nini kabla ya kukiona. Niliinuka. Nilitaka kuuliza watu wale watatu walipatwa na nini. Maneno yalitoka nusu.

"Sijasikia," afande alisema. "Rudia."

Nilirudia.

"Bado! Kijana, hapa si kwa padri, hatuungami. Ongea kama mwanaume." Watu walicheka. Mama wa Kongo alinipiga begani kwa upole akasema, "Sema, mutoto yangu, huyu mzee masikio yake ilibaki kambini."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na afande mwenyewe alicheka. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika ukingo wa meza. Nilijaribu mara ya tatu na hakikutoka kitu. Nikaona mwalimu anafungua mdomo kunisaidia neno, na sikutaka kusaidiwa neno.

"Afande," nilisema kwa Kiswahili, "ni nani alianguka? Kaka yangu yumo kwenye meli hiyo."

Hakuna aliyenikumbusha sheria ya Kiingereza. Mwalimu aliweka chaki chini. "Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua. Niliichagua kwa sababu ni fupi."

Afande aliangalia kipande chake, akaniangalia, kisha akaangalia tena kipande. Nikaelewa kwamba na yeye hajakimaliza kukisoma. Alikuwa anangoja aulizwe ndipo ajue. Aliinuka, akazunguka meza na kuniwekea kile kipande mkononi.

"Chukua," alisema. "Mimi nitakusomea vibaya."

Mwalimu angeweza kukisoma kwa pumzi moja. Alinyoosha mkono nusu, kisha akaurudisha, na mimi sikumpa. Sijui kama nilitaka kujua au nilitaka kuchelewa kujua. Niliweka kidole chini ya neno la kwanza. Mfanyakazi. Mmoja. Alichukuliwa na maji. Neno lililofuata lilikuwa refu, nikalikata vipande kama tulivyofundishwa, silabi baada ya silabi: hajapatikana. Wawili walirudi ndani salama. Jina lake halitatajwa mpaka ndugu zake waarifiwe. Hapo niliacha kusoma kidogo, kwa sababu mimi ni ndugu, na hakuna aliyekuwa ameniarifu, na sikujua kama hilo ni jema au baya.

"Endelea, ssebo," afande alisema pole pole. Hakuwahi kuniita bwana kabla ya siku hiyo, si kwa Luganda wala kwa Kiswahili.

Mstari wa mwisho ulisema kwamba aliyepotea ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, baba wa watoto wanne.

Niliusoma tena. Kaka yangu ana miaka ishirini na minne na hana mtoto hata wa kuazima. "Siyo yeye," nilisema.

Mama wa Kongo alimshukuru Yesu kwa sauti iliyowafanya watu wa nje wachungulie, akanikumbatia mpaka kichwa changu kikapotea kwenye kitenge. Nilikaa. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba yule baba wa watoto wanne hakuwa na nafasi ndani yake.

Afande alikuwa amekwisha toa simu yake. "Kuna kijana wangu mmoja yuko askari pale bandarini," alisema. "Acha nimpigie, akuulizie kabisa."

"Usisumbuke, afande," nilisema. "Imeandikwa."

"Kuuliza si kosa."

"Imeandikwa, afande. Miaka yake hii hapa."

Niliogopa kusumbua watu. Huo ndio ukweli. Niliona aibu kwamba nimeharibu somo na sikutaka mtu mwingine aache kazi yake kwa ajili yangu. Lakini pia niliamini. Ile karatasi ilikuwa kitu cha kwanza cha Kiingereza ambacho nilikuwa nimekisoma mpaka mwisho nikitaka kujua kilichomo, na sikufikiri kwamba kinaweza kunidanganya. Afande alirudisha simu mfukoni. Aliniachia kile kipande nikae nacho.

Jioni ile mama yetu alinipigia kutoka kwetu Arua, kaskazini. Redio ya huko ilikuwa imetaja meli na upepo, basi, hayo tu. Alikuwa analia tayari. "Mama, siyo yeye," nilimwambia. "Nimesoma kwenye gazeti. Ni mtu mzima wa watoto wanne."

"Umesoma mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Alimshukuru Mungu, akanishukuru na mimi, akasema atalala. Na mimi nililala. Jumapili nilipiga pasi, na Jumatatu nilipiga pasi. Simu ya kaka ilikuwa haipatikani, na sikushangaa.

Jumanne asubuhi ilikuja namba ya Tanzania. Nilikuwa nimeshika shati la muuguzi. Alikuwa kaka, sauti imekauka, kama mtu aliyepiga kelele siku nyingi. Simu yake ilikuwa imekula maji. Walikuwa wamekaa nyuma ya kisiwa kwa siku tatu wakingoja kuvutwa. Aliuliza kama tumesikia.

"Tumesikia," nilisema. "Nilisoma gazetini."

"Wewe? Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, nikamsikia anavuta makamasi. Alisema walikuwa watatu kwenye mabomba, na aliyechukuliwa alikuwa katikati yao, kamba iko mkononi. "Wameandika nini juu yake?" aliuliza. "Nisomee. Nataka kujua wamesema nini."

Kile kipande kilikuwa kwenye mkebe wangu wa vifungo. Nilikitoa nikamsomea, nikigeuza Kiswahili neno kwa neno. Nilipofika mwisho alininyamazisha.

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Nani thelathini na tisa? Yule ni rika langu. Tuliandikishwa siku moja, tukavuliwa mashati kwa daktari siku moja."

"Baba wa watoto wanne," nilisema.

"Hana mtoto. Hata mke hana. Huyo mwenye watoto wanne ni mnyapara wetu, yuko hapa nyuma yangu anakunywa chai. Simu hii ni yake." Alimgeukia mtu nikasikia anamwambia, "Mzee, kumbe wewe ulikufa," na sauti nene ikajibu kitu, lakini hakuna aliyecheka.

Nilitoa pasi juu ya shati nikaisimamisha kando. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nilikuwa nafikiri: walikuwa watatu nje, na mnyapara hakuwa mmoja wao. Gazeti lilichukua mtu wa ndani likamweka majini. Kwa hiyo ile Jumamosi mistari yangu haikusema lolote juu ya kaka yangu, si kwamba yuko hai wala kwamba amekufa. Angekuwa yeye aliyeshika kamba katikati, ningeisoma karatasi ile ile, kwa kidole kile kile, na ningesema siyo yeye. Ningemwambia mama alale.

"Uko wapi? Mbona umenyamaza?" kaka aliuliza.

"Mtandao mbaya," nilisema.

Aliniambia wanatengeneza meli, watarudi baada ya wiki. Nikamuuliza kama wazazi wa yule mwenzake wameambiwa. Alisema ofisi ilituma mtu, lakini ni mbali, ni kijijini upande wa Tororo, na alikuwa hajui kama huyo mtu amefika. "Wana mtoto wao mmoja anasoma sekondari," alisema. "Huyo ndiye huwasomea magazeti."

Alikata. Nilikaa kwenye benchi la wateja. Siwajui watu wale na sijawahi kufika Tororo, lakini niliwaona. Niliona mtu mdogo kama mimi, anayesoma haraka kuliko mimi, ameshika gazeti mbele ya mama yake. Jina limefichwa. Miaka thelathini na tisa, watoto wanne. Ile ilikuwa Jumanne, na labda walikuwa bado wanamshukuru Mungu.