Msinisukume Mlima wa Mikindani

Mwanangu, unaniuliza baiskeli ya mikono inaweza kwenda kasi gani katika mbio ndefu. Keti. Siku ile ya mbio za kutoka bandarini hadi Mikindani na kurudi naikumbuka mpaka jasho lake.

Nilikuwa msichana, miguu imepooza tangu utotoni, mabega yamekomaa kwa kupeleka makopa ya muhogo sokoni kwa baiskeli yangu ya magurudumu matatu. Asubuhi ile msimamizi akatupanga sisi wa baiskeli za mikono nyuma ya wakimbiaji wote. Akasema tuishie kona ya kwanza, tupigiwe makofi, turudi tukanywe soda. Soda! Mzee Hamisi, mkubwa wetu, akamjibu kwamba hatukuamka alfajiri kufuata soda. Wakabishana hadi msimamizi akakubali tumalize njia nzima, ila kwa sharti: atakayesukumwa na mtu, ametolewa.

Basi nikachomoka kama nimemwagiwa upupu.

"Binti, pumua!" Mzee Hamisi akanifokea. "Mikindani haijahama!"

Nikamcheka. Niliwapita wakimbiaji kibao, nikageuza Mikindani, na kwenye mlima wa kurudi mikono ikagoma. Wale niliowapita wakaanza kunipita, tena wakinipa pole. Iliniuma, sikufichi.

Sasa unawajua watu wetu. Wakiona baiskeli ya mikono mlimani hawaulizi, wanasukuma, wapate thawabu. Wakaja wanaume wawili mbio, kanzu wamezipandisha.

"Tulia dada, tunakupandisha."

"Msiniguse!"

Mmoja akanuna. "Huyu ana kiburi."

"Kaka zangu, ahsanteni," nikasema, machozi yakinitoka. "Mkinisukuma nimetoka mbioni. Niombeeni tu."

Wakaniombea kweli, wakitembea kando yangu, mikono wameifunga mgongoni wasije wakajisahau. Nikavuta mzunguko mmoja, nikapumua, nikavuta mwingine, mpaka mlima ukaisha.

Baada ya hapo, mwanangu, ilikuwa raha tupu! Barabara ilipotulia, mabega yalifanya kazi yaliyoizoea. Mkimbiaji hata akiwa hodari huchoka miguu, gurudumu halichoki. Nikawapita wale wa pole mmoja mmoja, nikiwarudishia pole zao, mpaka mbele yangu hakubaki mtu. Nafika bandarini, utepe haujafungwa, wapiga ngoma wanakunywa chai.

"We umetokea wapi?" msimamizi akauliza.

"Mikindani," nikamwambia.

Sijapata furaha kama ile hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Kwa hiyo usimsukume mtu kabla hujamuuliza, hata kama nia yako ni njema. Nawe ukiletewa msaada katika jambo uliloazimia kulimaliza mwenyewe, kataa kwa adabu, shukuru, endelea. Na pumua mapema, usingoje mlima ukufundishe. Mwenyezi Mungu akupe nguvu za mwendo wako, na awape wanaokutazama subira ya kukuacha ufike.