Picha ya Kipa

Kila asubuhi jirani yetu, kipa wa timu ya wanawake, alikuwa akiingia saluni kwa mjomba kusoma gazeti la bure. Alianzia nyuma, akifunua kurasa kwa kidole kilichopindishwa na mipira. Mshambuliaji wa wanaume akiumwa nyonga alipewa ukurasa mzima. Timu yake yeye ilibanwa chini ya tangazo la dawa ya mende.

Juzijuzi walitwaa kombe, naye ndiye aliyedaka penalti ya mwisho. Picha ikatoka kubwa: mumewe jukwaani, kinywa wazi kama yuko kwa daktari wa meno. "Mume wa kipa alia kwa furaha."

"Shemeji katoka vizuri, dada," mjomba akasema.

"Kweli. Na hajachafuka hata goti."

Kipa akalitandaza gazeti chini ya kiti cha kunyolea. Nywele za mteja zilipoanza kumdondokea mumewe usoni pale pichani, akavaa kandambili zake akatoka. Hajarudi.