Ruhusa ya Mume

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za meli. Aliteremka Kinshasa kwa kazi ya wiki chache, vita ikakata mto nyuma yake, basi. Mimi nikabaki nyumbani Kabondo, huku juu ya mto, na sufuria zangu, chini ya waasi. Yeye kule chini ya serikali.

Njia ilikuwa moja tu: ndege ya uwanja wa Bangboka hadi nchi jirani, kisha kuzunguka. Lakini ndege ilitaka lese-pase, kibali cha kutoka. Nikaenda ofisini nimevaa kitenge changu cha Noeli.

"Mama, ruhusa ya bwana yako iko wapi?" karani akaniuliza. "Mwanamuke wa ndoa hatokake bila ruhusa."

"Lakini ni kwake ndiyo nakwenda!"

"Bon. Alors, aandike."

Aandike, ampe samaki ailete? Barua hazikupita. Nikawaendea mapadri waliokuwa na fonia, redio yao ya kuongea na miji mingine, na siku moja nikamsikia mume wangu mwenyewe, sauti inakwaruza: "Nakupatia ruhusa, bibi yangu. Wakitaka kumi, nakupatia kumi." Nilicheka mpaka nikalia. Padri akaandika aliyoyasikia. Karani akayasoma, akanirudishia. Sauti haina sahihi, alisema. Muda si mrefu askari wakachukua fonia, na tangu hapo sikusikia tena neno la mume wangu.

Njoo kesho, njoo Jumatatu, shefu, mkubwa wa ofisi, amesafiri. Wakubwa wa waasi wakagombana wenyewe kwa wenyewe, muhuri ukabadilika, faili yangu ikaanza upya. Kanisani wananiambia subira huvuta heri. Heri gani? Mimi nilimtaka mume wangu.

Mwishowe karani, nadhani kwa huruma, akashusha sauti: "Mama, mujane haombake ruhusa kwa mutu."

Nilimtukana. Nikatoka, nikapanda baiskeli ya toleka, nikamtukana na yule aliyenibeba, maskini. Kumwita mtu aliye hai marehemu si ni kumtakia kifo? Lakini mvua zikapita, zikaja nyingine, nikamwendea tonton, mdogo wa baba mkwe wangu, nikamweleza maneno ya karani.

"Mwanangu, hakuna kifo bila matanga," akasema. "Shefu wa mtaa hatatia sahihi cheti cha kifo kama hajaona kilio."

Tukakubaliana, mimi na yeye tu: kilio kidogo, cha siku moja, shefu aone. Viti vikatolewa nje, mkeka ukatandikwa, nikafumuliwa nywele. Majirani wakaingia wanapiga yowe, na wao walidhani ni kweli. Mimi nilipanga kujifunika kitambaa usoni na kuguna guna.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akanikumbatia. "Yaya, dada yangu, alikufa lini? Nani alikuletea habari?"

Nikafungua kinywa nimdanganye. Habari ya kufa kwake sikuwa nayo. Ya kuwa hai nayo sikuwa nayo, tangu lini! Kilio kikanitoka, cha kweli kabisa, nikajitupa chini, tonton akanishika mabega akininong'oneza nitulie, lakini sikumsikia. Shefu wa mtaa alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kofia, akamwambia tonton inatosha, alete karatasi atie sahihi.