Pawa Kubwa na Ng'ombe wa Harusi

Aibu hii nimejaribu kuificha nimeshindwa, maana Mikumi nzima inaijua, na hata huku Kilosa ukiulizia kwa Yudith utaulizwa, "Yudith yupi, Dada Simba?", kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wenye chumvi nyingi.

Mimi napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa letu. Yaani nilikuwa napiga la kujibu tu, solo, lile gitaa la kuongoza, ilikuwa ya mwenzangu Zakayo, na Mwalimu Elia wa kwaya (mtu mwema, ila mbishi kama mimi) alishasema solo inataka mkono wa kiume. Zakayo alipohamia Dodoma ikabidi Mwalimu anipe mimi, shingo upande. "Yudith," akasema, "tunakwenda kuimba harusi Mikumi. Ukipiga vizuri, solo ni yako. Ukiharibu, unahamia kwenye kayamba." Nikamjibu, "Mwalimu, hiyo kayamba mpe mtu mwingine leo hii hii."

Sasa, vyombo vyangu vya gitaa nilishavipanga kwenye sanduku la chuma, kila kimoja na rafu yake, kilichobaki ni pawa, ile mashine inayochukua sauti ndogo ya gitaa na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Nikaenda kwa Fundi Selemani karibu na stesheni, akanitolea mbili. Moja ndogo, nyeusi, haina hata taa ya maana. Nyingine kubwa, nzito, taa zake za bluu zinacheza kila sauti ikipita.

"Chukua ndogo, mwanangu," akasema. "Ndiyo saizi ya spika yako. Hiyo kubwa ni ya mikutano ya hadhara, itakutoa jasho."

Na mimi (Mungu anisamehe) sikuwa nawaza spika, nilikuwa nawaza sura ya Mwalimu Elia zile taa zikiwaka. Nikabeba kubwa.

Harusi ilikuwa kwa familia ya wafugaji wa Kisukuma, pembeni kabisa ya mji, ukivuka pale unaingia porini kwenye hifadhi, na ng'ombe wa mahari walikuwa kwenye zizi la miba nyuma ya turubai letu. Meza ya mbele alikaa Mzee Ramadhani, mkulima mwenyeji mwenye shamba jirani, ambaye yeye na baba wa bibi harusi ndio kwanza walikuwa wamepatana baada ya miaka ya ugomvi wa ng'ombe na mahindi. Kila mtu alikuwa anawaangalia wanavyocheka pamoja na kumshukuru Mungu.

Nikaunganisha waya zangu. Nilizoea kale kamashine ka kwaya ambako usipokafungua mpaka mwisho hakasikiki, basi na hii nikaifungua mpaka mwisho, nikaegemeza gitaa kwenye spika, nikaenda kunywa maji. Gitaa likiegemea spika iliyofunguliwa namna ile linajisikia lenyewe na kuanza kujijibu. Likaanza kunguruma, chini chini, kisha ngurumo ikapanda mpaka vikombe vikatetemeka mezani.

Jamani, ng'ombe anayelala jirani na hifadhi hasubiri kumwona simba.

Shangazi wa bibi harusi akapiga yowe, "Simba!", watu wakapanda viti, na mshereheshaji akatangaza, "Wageni waalikwa, naomba tutulie," huku yeye mwenyewe amesimama juu ya meza ya keki. Nikakimbia kulidaka gitaa, na katika kulidaka vidole vikagonga nyuzi zote sita kwa mpigo. Hapo zizi likapasuka, ng'ombe wote wakatoka mkuku, moja kwa moja hadi kwenye mahindi ya Mzee Ramadhani, yaliyokuwa yamefika magotini.

Wanaume wa harusi, suti na viatu vya kung'aa, wakaenda kuwaswaga. Waliporudi matope mpaka kiunoni, Mzee Ramadhani alikuwa amesimama, uso umebadilika, anamtazama baba wa bibi harusi. "Nani kafungulia ng'ombe?" Vijana wa wafugaji wakaanza kutazamana, na mimi nilijua nikinyamaza lawama itawaangukia wao na habari ya simba itapita hivyo hivyo, na solo nitabaki nayo. Nikaenda mbele ya Mzee Ramadhani, gitaa bado shingoni na waya unaburuzika nyuma, nikapiga magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyo simba yuko wapi?"

"Simba ni mimi, babu."

Yule mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Basi, simba," akasema, "kesho asubuhi uje na jembe."

Mwalimu Elia alinipa kayamba tu, na nikaipiga harusi nzima huku nimeuma meno.

Nilibaki Mikumi siku tatu kurudishia mbegu kwenye mashimo yaliyokanyagwa, na baba wa bibi harusi alikuja na jembe lake tukawa tunakwenda mstari kwa mstari. Siku ya mwisho Mzee Ramadhani akaniuliza, "Gitaa lenyewe, bila huyo simba wake, linaliaje?" Nikakaa kwenye gunia la mbegu nikampigia ule wimbo wa harusi kavu kavu, bila waya wowote, mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza ametulia, kisha akauliza, "Sasa ile mashine ilikuwa ya nini?"

Swali hilo mpaka leo linaniuma.

Kubwa nimeirudisha kwa Fundi Selemani nikachukua ndogo, akanipa bila kunisema, jambo lililoniumiza kuliko kusemwa. Jumapili hii nashika kayamba, na ijayo pia. Lakini solo bado haina mtu, na jioni nafanya mazoezi. Siku Mwalimu Elia akiniita nitafungua robo tu, na kabla ya kufungua nitakwenda kwanza nyuma ya turubai kuangalia kuna nini.