Sauti za Bonde la Mpunga

Macho ya Mama Consolée yalipopofuka kabisa, alianza kuulizia habari za shamba. Shamba lenyewe lilikuwa mbali, upande wa Kabambare, katika bonde ambako yeye na wanawake wenzake walilima mpunga kabla vita havijawasukuma hadi Kasongo.

"Mupunga umetoa masuke?" alimuuliza binti yake.

"Mama, sasa tuko Kasongo."

"Najua tuko Kasongo. Mimi nauliza mupunga."

Binti huyo ni Marcelline. Mbele ya nyumba ana kibanda chenye paneli ya sola, na waendesha pikipiki humwachia simu awachajie. Vijana wanaokwenda Salamabila kuchimba dhahabu humletea kadi za kumbukumbu za simu azijaze nyimbo za kuwasindikiza njiani. Kutwa nzima muziki humpita mikononi, wa kila aina, naye huusikia kwa mbali kama mtu anayesikia mvua inyeshayo mtaa wa pili.

Ndipo akazikumbuka kaseti. Baba yake, marehemu Zéphirin, alikuwa na redio ya kurekodi, na msimu wa palizi alikuwa akiibeba hadi bondeni na kuwanasa wanawake wakiimba kwa Kibangubangu. Siku ya kukimbia, Mama Consolée alizifunga kaseti hizo ndani ya vitenge. Redio ilibaki huko.

Marcelline alizipeleka kwa Kamaldine, fundi katika redio ndogo ya mtaani. Kamaldine alizicheza moja moja, akazihamisha zote kwenye kadi, kisha akamtolea kitu kidogo kama kipande cha sabuni: kompyuta ya bodi moja, haina sanduku wala kioo.

"Dada, hii inakula moto kidogo, umeme wa sola yako utaiweza," akasema. "Chomeka bafle hapa, spika yoyote, sauti itatoka. Inabaki kuchagua lojisiele, programu ya kupiga muziki. Ziko nyingi, na zote ni za bure. Iko ya watu wa macho, iko ya watu wa masikio."

Marcelline akacheka, asijue kwamba neno hilo lingemkalia moyoni.

Programu ya kwanza ilikuwa kipenzi cha Kamaldine. Alipoiunganisha na kioo cha pale redioni, kila wimbo ulijitokeza na picha yake, rangi zikielea taratibu kama mafuta ya mawese juu ya maji. Marcelline aliitazama akajisahau. Halafu akilini akamwona mama yake kule nyumbani, amekaa mkekani, uso umeelekea dirishani. Picha hizo angemwonyesha nani? Akaomba nyingine.

Ya pili haikuhitaji kioo. Kamaldine aliifungia vibonye vinne vikubwa, vya kupapasa kwa kidole: kuanza, kusimama, kwenda mbele, kurudi nyuma. Programu hiyo ilikuwa na ufundi wake. Ilisawazisha sauti, na popote palipokuwa kimya iliparuka, wimbo ukaingia wimbo. Nyimbo zile kuukuu zilitoka safi kama za redio. Marcelline alirudi nyumbani akitembea haraka, kompyuta ameikumbatia kifuani.

Alasiri hiyo aliiweka pembeni ya mkeka, akauongoza mkono wa mama yake hadi kwenye kibonye cha kwanza. Sauti za wanawake zikajaa chumbani. Mama Consolée aliinua kidevu. Midomo yake ikaanza kufuata maneno, kisha ikakawia, ikaachwa nyuma, ikanyamaza. Akabonyeza kibonye cha kusimamisha.

"Ni wao," akasema. "Lakini mbona hawapumue?"

"Mama?"

"Hawapumue, mutoto wangu. Mutu akishaimba anainuka, ananyoosha mugongo, anacheka kidogo. Hawa wanakimbizwa na nani? Na maji ya kule iko wapi?"

Marcelline alitaka kueleza habari za programu, akaona haya. Alikuwa amemletea mama yake bonde lililofagiliwa.

Kesho yake aliirudisha kompyuta kwa Kamaldine. "Nipe ile isiyojua kitu," akasema.

"Iko moja," Kamaldine akajibu, "lakini haina sura hata kidogo. Inafungua kadi, inapiga kilichomo tangu mwanzo mpaka mwisho. Moto ukikatika, ukirudi, inaendelea pale ilipoachia. Basi."

"Ndiyo hiyo."

Wakaihamishia kwenye kompyuta, vibonye vikabaki vilevile. Nyumbani, jua lilikuwa limelegea Mama Consolée alipobonyeza. Kwanza ukaja mchakacho wa kaseti, mrefu, kama upepo ndani ya nyasi. Halafu maji ya mfereji. Halafu majembe yakichapa tope, na mwanamke akipiga chafya, na wenzake wakimcheka. Wimbo ukapanda kutoka katikati ya hayo yote, polepole, ukaisha, ukaacha ukimya mpana ambamo ndege mmoja alilia mara moja tu.

Na ndani ya ukimya huo, chini kabisa, mtu akakohoa.

"Haya, mama zangu," ikasema sauti ya mwanamume, mbali na kinasa sauti. "Redio iko tayari. Endeleeni."

Marcelline alishika ukingo wa mlango. Alikuwa binti mdogo baba yake alipokufa, na kwa miaka mingi alikuwa akijaribu kuikumbuka sauti yake, ikimponyoka. Sasa ilikuwa hapa, nyembamba kuliko alivyodhani, yenye aibu kidogo. Ile programu safi ilikuwa imeipita bila kuijua.

"Mama, huyo ni baba."

"Ni yeye," Mama Consolée akasema kwa utulivu, kama mtu aliyeambiwa mumewe amefika uani. "Alikuwa anaogopa kusema karibu na redio."

Nje, mtu wa pikipiki alipiga hodi kibandani, akiulizia simu yake. Marcelline alimwambia asubiri. Akavua ndala, akaketi mkekani, bega lake likigusa bega la mama yake. Wanawake wa bondeni walianza wimbo mwingine, na safari hii Mama Consolée hakuachwa nyuma. Waliposhusha pumzi, naye alishusha. Waliponyamaza, alingoja pamoja nao, huku maji yakipita.

"Sikiliza," akamwambia bintiye. "Huyo wa kuitikia ni Laetitia. Alikuwa na sauti nzito, lakini mikono yake ilikuwa myepesi sana."

Akaanza kumsimulia habari za Laetitia.