Mama Vumbi na Glovu Zilizochanika

Mwandishi wa makala haya alipomtembelea Mama Vumbi nyumbani kwake mara ya kwanza, aliandika kwamba mwenyeji wake ni mtu mpole mwenye haya. Hakuona kwamba kikombe cha chai kilisogezwa kwake kwa kitambaa. Wala hakujiuliza kwa nini mjukuu wa miezi minane, aliyelia akimnyooshea bibi yake mikono, hakubebwa.

Saa mbili asubuhi, katika maabara anakofanya usafi, Mama Vumbi anaanza kuvaa. Kofia, barakoa, suti nyeupe, viatu vya kitambaa, kisha glovu za mpira jozi mbili. Shughuli hiyo humchukua dakika arobaini. Manukato ni marufuku, poda ni marufuku, na mafuta ya kupaka ni marufuku zaidi.

Ndani ya chumba anachokisafisha kuna jiwe lenye ukubwa wa yai. Ni kimondo ambacho wanasayansi wa maabara hiyo wanaamini kilimeguka kutoka sayari ya Mirihi, nao wanatafuta ndani yake dalili za uhai. Kwa miaka kumi na mmoja, kazi ya Mama Vumbi imekuwa kufuta meza, kuta na sanduku la kioo linalohifadhi jiwe hilo, ndani na nje, ili kijidudu cha duniani kisilifikie jiwe.

"Jina hili walinipa wenzangu," anasema. "Eti vumbi likiniona linaomba radhi."

Kiangazi kilichopita, dawa za kusafishia zilimpasua mikono hadi ikatoa damu. Asubuhi moja, kabla ya kutoka nyumbani, alijipaka mafuta ya mgando, "kidogo tu, kiasi cha punje ya mahindi." Hakujua kwamba mafuta hayo hudhoofisha mpira. Alipokuwa akifuta kishikio cha jiwe, glovu zote mbili, ya ndani na ya nje, zilichanika kifundoni, na ngozi yake ikaligusa jiwe lenyewe. Hakuna aliyeona. Akabadilisha glovu, akatia saini kwamba kila kitu kilikuwa salama.

Siku tatu baadaye, unga uliokwanguliwa juu ya jiwe ukaotesha madoa meupe katika kisahani cha maabara. Siku hiyohiyo, kifundo cha mkono wake kikatoka vipele.

Profesa anayeiongoza maabara, mwanamke asiye mwepesi wa kucheka, alipita koridoni machozi yakimlengalenga. "Huenda tumewapata," alisema. Watu wakapiga makofi. Mama Vumbi aliegemea ukuta, akavuta mkono wa nguo kufunika vipele.

"Wao walifurahi kwamba kuna kitu kinaishi kwenye jiwe," anakumbuka. "Mimi nilijua nimeshakwenda nacho nyumbani."

Kwa siku kumi alitenga sahani yake na kulala sebuleni. Ziara ya mwandishi iliangukia siku hizo. Binti yake alianza kukereka.

"Mama, umemsusa mjukuu wako?"

"Nina mafua, mwanangu."

"Mafua gani haya? Hata chafya hupigi!"

Siku ya kumi na moja mtoto akapata homa. Mama Vumbi hakuvaa suti asubuhi hiyo. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa.

"Glovu zilichanika, Profesa. Nililigusa jiwe."

"Lini?"

"Siku tatu kabla ya vile vitu kuota."

"Mama yangu! Umekaa kimya sisi tukiandaa tangazo? Umelichafua jiwe!"

"Na kama jiwe ndilo lililonichafua mimi? Mtoto anaungua kule nyumbani. Nifukuze ukitaka, lakini mpimeni kwanza."

Profesa anakiri kwamba swali hilo lilimtisha. "Nilikuwa nimefikiria upande mmoja tu," anasema. "Sikuweza kumwambia kwa uaminifu kwamba amekosea. Nilikwenda kunawa mikono, na nilinawa muda mrefu."

Majibu yalichukua siku mbili. Kilichoota kisahanini na kilichopatikana kifundoni kwake kilikuwa kitu kimoja: bakteria wa kawaida wa ngozi ya binadamu. Vipele vilitokana na dawa ya kusafishia. Homa ya mtoto ilikuwa ya sikio. Tangazo likafutwa, na Mama Vumbi akapewa onyo la maandishi, ingawa hakufukuzwa.

"Nilimbeba mjukuu wangu mpaka akachoka yeye," anasema.

Hata hivyo, hofu haijamtoka yote. Kilichopimwa ni uso wa jiwe tu, ndani hakujafunguliwa. Mwakani watalikata, naye anatumaini kuwapo.

"Wakisema hamna kitu, nitalala usingizi. Wakisema kimo, basi nataka niambiwe siku hiyohiyo, kabla sijamgusa mtu."

Tangu wiki ile, hakuna mfanyakazi anayeingia katika chumba hicho bila mwenzake.