Kiraka cha Seva ya Maabara

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka Buhare kuwahi basi la Bunda huku moyo unanidunda kwa furaha. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni kwenye hospitali ndogo ya kanisa huko, kutunza kompyuta zake zinazotumia mfumo wa Linux, na usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma kwamba programu tunayotumia imekutwa na tundu la kupitisha wahalifu. Kiraka cha kuliziba kilikuwa kimeshatoka. Hapo nikaona kazi yangu ya kwanza ya maana imefika.

Bosi wangu, Mzee Magesa, mtu wa Kiriba, nilimkuta anakunywa chai. Nikamwambia nataka kuhamishia seva yote, ile kompyuta kuu, kwenye toleo jipya la mfumo, leo leo.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Seva hiyo ndiyo inabeba majibu ya maabara. Zamani tulikuwaga tunaapdeti tu kila kitu kikitoka. Siku moja ikagoma kuwaka, na mama mmoja wa Nyamuswa yuko leba anasubiri damu. Alipona, lakini tulihangaika."

"Nakuelewa, mzee. Sasa mhalifu akiingia akafunga mafaili yote, mama kama yule si atasubiri vilevile?"

Akaweka kikombe chini. "Basi kajaribu kwanza pembeni," akasema.

Stoo kulikuwa na kompyuta ya zamani. Tukanakili seva humo, nikaanza na lile toleo jipya nililolitamani. Programu ya maabara ikakataa kabisa kufunguka. Tukarudisha nakala, safari hii tukaweka kile kiraka tu, ambacho watunzaji wa mfumo walikitengeneza kwa ajili ya toleo letu lilelile la zamani. Programu ikafunguka kama kawaida. Mzee akaanza kucheka, nami nikacheka, tukawa kama watoto.

Foleni ya maabara ilipopungua, tukawaomba waandike majibu kwa mkono kidogo. Nikaweka kiraka kwenye seva yenyewe, nikaiwasha upya. Kioo kikawa cheusi. Nilijikuta nimeshika mkono wa koti la mzee. Mara Sista Bhoke wa maabara akachungulia dirishani: "Majibu yanatoka huku." Mwanangu, niliruka. Mpaka leo nikiweka kiraka hapa Musoma, furaha ile hunijia.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayeanza kazi hii: tundu likitangazwa, usilale nalo. Lakini ziba tundu tu; usibomoe ukuta kwa sababu umeona matofali mapya. Chagua mfumo ambao waliouunda bado wanaendelea kuutunza, jaribu pembeni, na kabla hujagusa chochote, hakikisha unaijua njia ya kurudi. Na mkubwa wako akiogopa, muulize aliumia wapi.

Mungu akupe wepesi wa kuziba na utulivu wa kujaribu, na wagonjwa usiowajua wapate majibu yao kwa wakati kwa kazi ya mikono yako.